Njia Nyembamba, Mlima na Pikipiki

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Kaeni karibu na redio. Kila mmoja awe na karatasi hii mbele yake, afuate maneno kwa kidole huku akisikiliza. Somo likiisha, mwalimu wenu atalisoma tena polepole, fungu kwa fungu, na asiyeelewa aulize bila haya.

Somo la leo ni la historia. Pengine mwadhani historia ni habari za wafalme na vita peke yake. Sivyo. Kila kitu kina historia yake: jembe, sufuria, hata njia unayopita asubuhi kwenda shambani. Leo tutatazama vitu viwili vinavyokutana kila siku katika milima yetu: njia nyembamba iliyoota majani, na pikipiki inayotaka kupita humo. Tena tutauliza swali moja: ni kitu gani kinachoiwezesha mashine kupanda mlima? Wengi watajibu upesi, "Ni nguvu ya injini." Haya, tusikilize historia itajibu nini.

1. Njia ilitangulia

Njia za milimani ni za zamani sana. Katika Usambara, Upare, Uluguru na miteremko ya Kilimanjaro, watu walipita kwa miguu miaka mingi kabla gurudumu lo lote halijafika. Mzigo ulichukuliwa kichwani, begani au mgongoni.

Mguu wa mtu ni chombo cha ajabu. Hukanyaga jiwe, huvuka mzizi, hujishikiza katika udongo kwa vidole. Kwa hiyo watu wa kale waliochagua njia hizo hawakuogopa mwinuko. Mara nyingi njia ya miguu hukwea moja kwa moja, maana mwenye mzigo hupenda kufupisha safari.

Gurudumu si mguu. Haliwezi kujiinua na kuvuka jiwe. Lapenda njia inayouzunguka mlima kidogo kidogo. Basi hapo ndipo ugomvi unapoanza: njia ilitengenezwa na miguu, na magurudumu yamekuja baadaye yakitaka kuitumia.

Kuna jambo la pili. Njia huishi kwa kupitwa. Ni nyayo zinazozuia majani yasiote. Watu wakihama, au wakipata njia nyingine, majani huota pande zote mbili mpaka yakakutana katikati. Matawi huinama. Maji ya mvua huchimba mfereji chini ya majani, wala mtu hauoni. Mgeni akitazama atasema hapa hapajapita mtu kamwe, kumbe babu zake wenyeji walipita hapo kila siku ya soko.

2. Mwanzo wa pikipiki

Katika mwaka wa 1885, huko Cannstatt karibu na mji wa Stuttgart, Ujerumani, mafundi wawili, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, walitengeneza baiskeli ya mbao wakaitia injini ndogo ya petroli. Injini hiyo ilikuwa na nusu tu ya nguvu ya farasi mmoja. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 12 kwa saa, yaani kama mtu anayekimbia polepole. Tena iliwekewa magurudumu mawili madogo pembeni ili isianguke. Mwaka wa 1894 kiwanda cha Hildebrand na Wolfmüller cha mji wa München kilianza kutengeneza pikipiki nyingi za kuuza.

Angalieni kwamba mashine hizo zilizaliwa katika nchi yenye barabara. Hakuna aliyefikiri habari za mizizi, mawe wala tope. Pikipiki nyingi za mwanzo hazikuwa na gia za kubadili. Gurudumu la nyuma lilizungushwa kwa mkanda. Mkanda ukilowa maji huteleza, injini ikaunguruma bure na gurudumu likasimama.

Kuna methali isemayo, "Mwenda pole hajikwai." Kwa mwenda kwa miguu ni kweli kabisa. Lakini pikipiki husimama wima kwa sababu inakwenda. Ikienda pole mno, yataka kuanguka. Tena injini nyingi hupozwa na upepo wa mwendo; mashine ikipanda mlima polepole hupata upepo kidogo, na injini huwa ya moto sana. Basi njia mbaya ya mlimani humlazimisha mpandaji aende pole, na mwendo huo wa pole ndio unaoisumbua mashine. Shikeni jambo hili, tutalirudia.

3. Vita vilipofika milimani

Sasa tafuteni mji wa Morogoro katika ramani ya ukutani. Kusini yake ipo milima ya Uluguru, na kaskazini, kwa mbali kidogo, milima ya Nguru.

Katika Vita Kuu ya kwanza, iliyoanza mwaka wa 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi hii. Mwezi wa Februari 1916 Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alishika uongozi wa majeshi ya Waingereza. Alikuja na askari wengi wa farasi, na magari ya injini, na kikosi cha wapanda pikipiki. Kwa macho ya siku zile, lilikuwa jeshi la mashine za kisasa.

Lakini nchi ilikuwa na majibu yake. Mbung'o waliwauma farasi, na farasi kwa maelfu wakafa kwa maradhi. Mwezi wa Aprili 1916 kikosi cha Jenerali van Deventer kilifika Kondoa Irangi, na mara mvua za masika zikaanguka nyuma yake. Njia ikageuka tope na magari hayakuweza kupita. Askari walikaa na njaa, na chakula kidogo walichokipata kilifika juu ya vichwa vya watu.

Mwezi wa Agosti majeshi yaliingia katika milima ya Nguru. Smuts alitaka kuwazunguka Wajerumani kwa kupita mabondeni. Njia zilizokuwako zilikuwa za miguu. Magari ya kikosi kimoja yalishindwa kabisa, ikabidi yarudishwe mpaka mto Lukigura yakafuate njia nyingine. Morogoro ulitwaliwa tarehe 26 Agosti 1916, lakini Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alikwisha ondoka kuelekea kusini, akipita kando ya Uluguru. Waliomfuata upande wa mashariki wa milima hiyo ilibidi wachonge barabara katika mwamba ndipo magari yapate kupita.

Katika vita hiyo, huko Ulaya, jeshi la Waingereza lilisifu sana pikipiki ya Triumph Modeli H, iliyoanza kuundwa mwaka wa 1915. Ilikuwa na gia tatu, na matarishi wa jeshi waliipenda. Hata hivyo gurudumu lake la nyuma bado lilivutwa kwa mkanda. Fikiri, ewe msomaji, juu ya mashine ya namna hiyo katika njia ya Uluguru wakati wa mvua. Majani marefu yameinama juu ya njia, na yakikanyagwa huteleza kama sabuni. Chini yake umo mzizi uliolala upande. Gurudumu la mbele laupanda kwa mshazari na kuponyoka. Mpandaji aweka mguu chini, na mguu haukuti ardhi, maana pale pana mfereji. Nguvu ya injini yafaa nini hapo?

4. Waliobeba vita vichwani

Mashine na wanyama waliposhindwa, serikali zilikamata watu. Wapagazi walichukuliwa Kenya, Tanganyika, Uganda, Nyasaland na nchi nyingine. Wachache walikwenda kwa hiari yao, wengi walilazimishwa. Kila mmoja alichukua mzigo wa ratili 50 hivi, ndio karibu kilo 23, mbali na vitu vyake mwenyewe. Alipita njia zile zile ambazo magari yalishindwa.

Hawakufa sana kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa homa ya mapafu, na kwa chakula kibaya ambacho hawakukizoea. Waingereza wenyewe waliandika katika hesabu zao vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi. Wanahistoria waliochunguza baadaye wamekadiria kuwa hesabu ya kweli yakaribia laki moja. Wengi hawana kaburi linalojulikana, na majina yao hayakuandikwa mahali po pote.

Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Watu wetu walilitamka jina hilo kwa namna yao, na hata leo lipo. Mtu aendaye sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, au Kariokor, Nairobi, hutaja wapagazi wale bila kujua. Siku utakaponunua nyanya Kariakoo, kumbuka maana ya jina hilo.

Vita ilikwisha mwaka wa 1918. Swali letu limejibiwa nusu. Injini haikuupanda mlima kwa nguvu zake peke yake. Mahali ambapo mwamba ulichongwa, gari lilipita. Mahali ambapo haukuchongwa, mtu alibeba mzigo, na maelfu walilipa kwa maisha yao.

5. Mashine yafunzwa kufuata njia

Kwa muda mrefu mafundi walifikiri kwamba dawa ya mlima ni injini kubwa zaidi. Habari ifuatayo yaonyesha dawa nyingine.

Mwaka wa 1958 kiwanda cha Honda cha Japani kilianza kuunda pikipiki ndogo iitwayo Super Cub. Injini yake ilikuwa ya sentimita 50 za ujazo tu. Iliundwa kwa ajili ya mjini: kupeleka vyakula, kwenda kazini, kwenda dukani. Haikuundwa kwa mlima. Imependwa duniani kote, na kufikia mwaka wa 2017 zilikuwa zimeundwa zaidi ya milioni 100.

Lakini huko Marekani, katika mji wa Boise, jimbo la Idaho, palikuwa na mwenye duka mmoja aliyewajua wateja wake. Wengi walikuwa wawindaji na wavuvi waliotaka kupanda vijia vya milimani. Bwana huyu hakutafuta injini kubwa. Aliondoa sproketi ya nyuma, yaani lile gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo, akaweka nyingine iliyo kubwa zaidi. Akaweka na matairi yenye meno makubwa ya kushika udongo. Sproketi kubwa hupunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kuvuta. Sasa ile pikipiki dogo iliweza kupanda polepole bila injini kuzimika. Aliuza nyingi hata wakubwa wa Honda katika nchi ile wakashangaa, wakauliza sababu. Mwaka wa 1961 kiwanda chenyewe kikaanza kuuza pikipiki ya namna hiyo. Baadaye, mwaka wa 1968, Yamaha walileta DT-1, pikipiki ya njia mbaya ambayo mtu wa kawaida aliweza kuinunua.

Mwaona? Kwa miaka mingi mashine ilitaka mlima uifuate. Huyu fundi aliitazama njia kwanza, kisha akaibadili mashine.

6. Pikipiki ya mganga na njia ya kijiji

Pikipiki zilipokwisha kupata nguvu ya kupanda, likazuka tatizo jingine. Katika nchi nyingi za Afrika serikali na wafadhili waliwapa waganga na mabibi wakunga pikipiki mpya. Baada ya muda mfupi nyingi zilikuwa zimelala nyuma ya zahanati, na kuku wakitaga chini yake. Hazikuharibika kwa ajali. Mafuta ya injini hayakubadilishwa, mnyororo haukukazwa, kichujio cha hewa kilijaa vumbi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu kadhaa waliotoka katika michezo ya mashindano ya pikipiki waliona hali hiyo huko Somalia. Baadaye wakaanzisha shirika lililoitwa Riders for Health. Katika miaka ya 1990 walifanya kazi Lesotho, nchi yenye milima mingi. Fundisho lao kubwa lilikuwa jambo dogo: kila mpandaji aikague mashine yake kila asubuhi kabla ya kuiwasha, na kitu kibadilishwe kabla hakijavunjika. Mhudumu wa afya aliyefika kijijini mara moja kwa mwezi sasa aliweza kufika mara nyingi.

Katika miaka ya 2010 Liberia ilitupa fundisho la pili. Vijiji vingi vya msituni havikuwa na barabara, na kujenga barabara ya magari ni ghali. Basi njia za miguu zilitanuliwa kiasi cha kutosha pikipiki tu. Vijito viliwekewa madaraja madogo, maji yakachimbiwa mifereji, na wanakijiji wakapewa kazi ya kuzitunza njia hizo. Waendesha pikipiki wakaanza kufika. Mazao yakatoka, na wagonjwa wakafikishwa hospitali.

Kwetu Afrika ya Mashariki, bodaboda zilianzia mpakani Busia katika miaka ya 1960, nazo zilikuwa baiskeli. Jina lenyewe latokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Sasa zimekuwa pikipiki, na zimepanda mpaka vijiji vya juu kabisa. Kijana wa bodaboda ndiye anayeitwa usiku mama anaposhikwa na uchungu wa kuzaa.

7. Fundisho kwako

Sasa ewe mwanafunzi, nitasema nawe kama jirani. Ikiwa wewe ni mpandaji, sikiliza. Usiingie katika njia iliyoota majani bila kushuka kwanza na kuitazama. Chukua fimbo upime majani yamefunika nini. Tumia gia ndogo. Simama juu ya vikanyagio, magoti yalegee, macho yatazame mbele wala si kwenye gurudumu. Mzizi uvuke kwa kuukabili sawasawa, usiuvuke kwa mshazari. Ukiteremka, acha injini izuie mwendo pamoja na breki, na breki uibane taratibu. Vaa kofia ngumu. Na mahali pabaya mno, mwambie abiria ashuke atembee. Si aibu. Aibu ni kumrudisha mtu kwao akiwa amelazwa katika machela.

Ikiwa wewe si mpandaji, fundisho lako ni kubwa zaidi. Jiulize: njia ya kwenda juu kwetu ilifyekwa lini mara ya mwisho? Huko Upare na Usambara watu wanalo neno msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Zamani msaragambo ulitengeneza mifereji na njia. Kenya watu husema harambee. Maneno haya bado tunayo. Je, kazi yenyewe tunayo?

Panga na majembe ya watu ishirini kwa asubuhi moja yaweza kufungua njia ndefu. Kateni majani mpaka pande zote mbili zionekane. Chimbeni mifereji midogo ya kuyatoa maji pembeni, maana maji ndiyo adui mkubwa wa njia ya mlimani. Wekeni mawe mahali penye tope. Msikate miti inayoshika udongo wa ukingo.

Historia imejibu swali letu. Tangu mwaka wa 1885 injini imekuwa na nguvu zaidi na zaidi. Lakini kila mahali ambapo mashine ilipanda mlima, alikuwako mtu aliyekwisha kuitengeneza njia. Asipokuwako mtu huyo, mzigo hurudi kichwani mwa mwanadamu, kama ulivyorudi mwaka wa 1916. Na mzigo huo siku moja waweza kuwa ni mgonjwa, akichukuliwa kwa machela usiku kwa saa nyingi, na pikipiki nzima imesimama uani.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini njia ya miguu mara nyingi hukwea moja kwa moja, na gurudumu halipendi njia hiyo?
2. Magari ya jeshi yalishindwa wapi mwezi wa Agosti 1916? Nani walibeba mizigo magari yaliposhindwa?
3. Jina la Kariakoo limetoka wapi?
4. Mwenye duka wa Boise alibadili nini katika pikipiki yake, na kwa nini?
5. Waulizeni wazee wa kijiji chenu: ni njia gani iliyokuwa ikipitwa zamani na sasa imeota majani? Iliachwa kwa sababu gani? Andikeni majibu yao kwa sentensi tano.